Transfoma isiyoshika moto: maswali ninayoulizwa Tanga

Nimefanya kazi ya umeme wa msongo mkubwa tangu ujanani, na sasa nimestaafu, nakaa zangu Chumbageni. Lakini transfoma ikilipuka popote mjini, simu yangu haikai kimya. Na nikipita kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, kabla sijashika kikombe kuna mtu ameshaanza: "Mzee, kwani hawa mainjinia wameshindwa kutengeneza ile isiyoungua?" Nimejibu swali hilo mara nyingi hata nimeona niliandike. Maswali nimeyapanga vile yanavyonijia, kwa hiyo usishangae jibu moja likiwa refu na jingine la maneno machache.

Ndani ya transfoma kuna nini kinachoungua?

Mafuta. Watu hudhani umeme wenyewe ndio unaowaka, kumbe umeme ni kiberiti tu. Ukifungua tangi utakuta kiini cha mabati membamba ya chuma, na juu yake koili, yaani waya uliozungushwa, za shaba au alumini zilizovishwa karatasi, vyote vimezamishwa kwenye mafuta yanayosafishwa kutoka mafuta ghafi ya ardhini; nitayaita mafuta ya petroli. Ile ndogo ya nguzoni mtaani kwako inabeba mafuta ya kujaza madumu kadhaa. Zile kubwa za kwenye kituo cha kupoza umeme, zinazopokea msongo wa kilovoti 132 au 220, hubeba makumi elfu ya lita.

Mafuta hayo huanza kudaka moto yakifika nyuzi joto kama 140 hivi, na yakifika karibu 170 yakishawaka hayazimiki yenyewe. Transfoma nzima haifiki huko ikiwa inafanya kazi yake vizuri. Balaa huanza pale karatasi inapochakaa au maji yanapopenya, umeme ukaruka kutoka waya hadi waya. Cheche ile ina joto la maelfu ya nyuzi. Inayakata mafuta vipandevipande na kuyageuza gesi: haidrojeni, methani, asetilini ileile ya kuchomelea vyuma. Gesi inajaa kwa kufumba na kufumbua, tangi linapasuka, mafuta ya moto yanarushwa nje na kukutana na hewa. Hapo ndipo unapouona moto.

Kwa hiyo mlipuko hutangulia, moto hufuata. Shika neno hilo.

Sasa kwa nini tangu mwanzo waliweka kitu kinachowaka?

Kwa sababu hakuna kilichofanya kazi zile mbili vizuri hivyo kwa bei ile. Mafuta yanazuia umeme usiruke, na papo hapo yanabeba joto kutoka kwenye koili kulipeleka kwenye mbavu za tangi, yanapoa, yanashuka, yanazunguka tena. Hayataki pampu wala feni kwenye transfoma ndogo.

Kuna na sifa ya tatu ambayo watu wa nje ya kazi hawaijui: mafuta hujiponya. Cheche ndogo ikipita kwenye mafuta, mafuta mengine hutiririka na kuziba pale palipotoboka. Plastiki au karatasi ikitobolewa imetobolewa, hairudi. Na karatasi iliyolowa mafuta ina nguvu kuliko karatasi peke yake au mafuta peke yake. Wazee waliobuni ndoa hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita hawakuwa wajinga.

Nilisikia zamani kulikuwa na mafuta yasiyoungua kabisa, yakapigwa marufuku. Ni kweli?

Ni kweli, na ningependa kila fundi kijana aijue habari hii kabla hajauziwa "teknolojia mpya".

Yanaitwa PCB. Yalianza kutengenezwa kibiashara Marekani mwaka 1929. Ni kimiminika chenye klorini nyingi, kizito, kinachozuia umeme vizuri sana, na ukikipasha joto vipi hakina kiwango cha kuwaka. Kwa mtu wa umeme hiyo ilikuwa ndoto. Kwa miaka kama 40 hivi yakawekwa kwenye transfoma za ndani ya majengo, viwanda, migodi, treni. Kwa kipimo cha moto peke yake, hakuna kilichoyashinda.

Ubaya wake ni kwamba hayaozi. Yanakaa kwenye udongo, yanaingia kwenye samaki, yanajikusanya kwenye mafuta ya mwili wa binadamu na maziwa ya mama. Mwaka 1968 huko Japani, PCB yaliyokuwa yakipita kwenye mabomba ya kupashia joto kiwandani yalivujia kwenye mafuta ya kula ya pumba za mpunga. Watu zaidi ya 1,000 waliugua ngozi, macho, maini. Taiwan wakapatwa na mkasa wa aina hiyohiyo mwaka 1979.

Halafu kuna kile kisa cha Binghamton, jimbo la New York, tarehe 5 Februari 1981. Jengo la ofisi za serikali, ghorofa 18. Hitilafu ya umeme kwenye chumba cha mitambo ikaleta moto, joto lake likapasua transfoma ya PCB iliyokuwa jirani. Mafuta "yasiyoungua" hayakuwaka kama petroli, la. Yalipikwa. Yakatoa masizi yenye dioksini na furani, sumu kali kuliko PCB zenyewe, na masizi yakapanda kwenye njia za hewa hadi ghorofa ya juu. Moto ulizimwa upesi, lakini jengo halikufunguliwa hadi mwaka 1994, na kulisafisha kuligharimu kuliko kulijenga.

Marekani ilipiga marufuku utengenezaji mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa sumu zisizooza, ambao na Tanzania imo, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB na 2028 kuwa mwisho wa kuyateketeza kwa njia salama. Ndiyo maana transfoma ya zamani, hasa iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 kufika katikati, haitolewi mafuta kiholela kabla ya kupimwa.

Kwa hiyo yale mafuta yanayoibwa kwenye transfoma na kuuzwa mitaani, yanaweza kuwa na PCB?

Yanaweza. Hata kama mtengenezaji hakuyatia, mashine za kusafishia mafuta zilizopita kwenye transfoma yenye PCB huyahamishia kwenye nyingine. Usikaangie, usijipake mgongo unaouma, usilainishie ngozi ya mtoto. Na yakiwa safi bila PCB, bado ni mafuta ya petroli yaliyopikwa miaka 20 pamoja na karatasi na shaba. Mwizi naye anapoyatoa, koili hubaki wazi, na umeme ukiendelea kupita ndiyo hiyo cheche niliyoieleza juu.

Baada ya PCB walijaribu nini?

Walijaribu mengi. Mainjinia wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa na haraka, kwa sababu majengo yenye transfoma hizo yalikuwepo na watu walikuwa ndani.

Wengine walikwenda kwenye vimiminika vinavyochemka upesi, jamaa ya dawa za dobi za kufulia nguo bila maji na gesi za majokofu. Wazo lilikuwa zuri: kimiminika kinanyunyiziwa kwenye koili, kinachemka, mvuke unaondoka na joto, unapoa juu na kudondoka tena, mithili ya mfuniko wa sufuria ya wali. Hakiwaki, na kinapoza kwa nguvu sana. Lakini gesi za majokofu za aina ile ndizo zilizokutwa zinatoboa tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikazifungia mlango. Dawa ya kufulia nayo ina klorini na si rafiki wa maini.

Wengine wakachagua mafuta ya silikoni. Haya huwaka kwa shida, kwenye nyuzi joto kama 350, na yakiwaka hujifunika gamba jeupe la mchanga linalouzima moto. Ni mazuri, yapo hadi leo kwenye treni na majengo. Ila hayaozi yakimwagika, ni ghali, na hayakupata makazi kwenye misongo mikubwa sana.

Wajapani wakafika mbali kuliko wote kwa gesi. Walijaza tangi gesi ya SF6, yaani salfa heksafloraidi, badala ya mafuta. Haiwaki hata kidogo. Chini ya miji kama Tokyo kuna vituo vizima vya kupoza umeme vilivyochimbiwa ardhini vikiwa na transfoma za gesi, na zimejengwa hata za msongo wa kilovoti 275 na ukubwa wa MVA 300 (megavolti-ampea, kipimo cha uwezo wa transfoma). Mtu akikuambia transfoma kubwa isiyoungua haiwezekani, mpe mfano huo.

Lakini nayo ina deni lake. Kilo moja ya SF6 ikivuja inaipasha dunia joto sawa na kilo zaidi ya 23,000 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na angani inakaa karne nyingi. Sisi Tanga tunasifika kwa waja leo waondoka leo. Gesi hii ikishakuja haiondoki. Ulaya wameshaanza kuibana kisheria.

Unaona mtindo? Kila mara walipoufukuza moto mlangoni, kingine kiliingia dirishani: sumu, ozoni, hali ya hewa. Ndiyo maana siku hizi sisikilizi neno "haiwaki" mpaka nimeuliza "na ikimwagika je?"

Na zile kavu, zisizo na mafuta kabisa? Kwa nini zisiwekwe kila mahali?

Hizo nazipenda. Koili zinafunikwa kwa epoksi, aina ya plastiki ngumu, iliyomiminwa kwenye ombwe, zinapozwa na hewa tu. Epoksi yake ikichomwa moto hujizima chanzo kikiondolewa. Ndizo zinazofaa ndani ya jengo: chini ya hospitali, hoteli, ghorofa ya ofisi. Ungekuwa unajenga kitu cha ghorofa kadhaa pale mjini na ukaniuliza, nisingekupa jibu jingine.

Ila zina mipaka miwili. Wa kwanza ni msongo. Transfoma kavu za kawaida huishia kilovoti 36. Zimetengenezwa za kilovoti 72.5 na kupita hapo, lakini ni chache na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Wa pili ni hali ya hewa. Weka transfoma kavu nje Raskazone, upepo wa kusi uilete chumvi, vumbi likae juu, alfajiri unyevu ulowanishe vile vitu viwili, na umeme utaanza kutambaa juu ya epoksi kama siafu. Ni kilekile unachokisikia usiku kwenye vikombe vya nguzo za ufukweni, ule mchirizo wa "shhh". Lazima iwekwe ndani, au kwenye kasha, na isafishwe.

Huo msongo mkubwa una ugumu gani hasa? Si kuongeza unene tu?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nivumilie kidogo.

Umeme unaokuja Tanga kutoka mitambo ya Mto Pangani, ile ya Hale ya megawati 21 iliyoanza 1964 na ile ya Pangani mpya ya megawati 68, unasafiri kwa kilovoti 132. Lakini transfoma ya laini hiyo haijengwi kuhimili 132 tu. Radi ikipiga laini huko milimani, wimbi linalofika kwenye transfoma linaweza kuwa kubwa mara kadhaa, kwa hiyo kiwandani hupigwa jaribio la radi la kilovoti 550 au 650. Hewa ya kawaida huhimili kama kilovoti 3 kwa kila milimita, tena pale uga wa umeme, yaani ule mkazo wa msongo kati ya waya na waya, ulipo sawasawa. Penye ncha kali huachia mapema zaidi. Ukitaka kutegemea hewa peke yake, koili zitakaa mbalimbali sana, kiini kitarefuka, na chuma, shaba na bei vitapanda navyo.

"Basi ongeza unene wa epoksi." Nimesikia hilo hata kwa wanafunzi wa ufundi. Epoksi nene ina matatizo mawili. Kwanza haipitishi joto; koili iliyofungwa ndani ya blanketi nene itajipika yenyewe. Pili, kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo inavyokuwa vigumu kukimimina bila kiputo cha hewa. Kiputo kisichozidi kichwa cha sindano, kikiwa ndani ya uga mkali, kitacheza cheche ndogondogo ambazo huzioni wala huzisikii. Kila cheche inakula epoksi kidogo. Baada ya miaka mitatu, mitano, njia imekamilika, shoti imepita. Na epoksi, nilishasema, haijiponyi.

Kimiminika kinaingia kila mwanya, kinafukuza viputo, kinabeba joto, kinajiponya. Ndiyo maana kwenye kilovoti 132, 220 na ile 400 inayofika Chalinze kutoka bwawa la Julius Nyerere, swali limegeuka. Halikuwa tena "tuondoe vipi mafuta?" Likawa "tupate wapi mafuta yanayowaka kwa shida?"

Ndiyo hayo mafuta ya mimea ninayoyasikia?

Ndiyo. Kitaalamu huitwa esta. Kuna esta za asili, zinazotokana na soya, rapa au alizeti, na kuna za kutengenezwa maabara.

Kimataifa vimiminika vya transfoma hupewa herufi. O ni vile vinavyowaka chini ya nyuzi joto 300, na mafuta ya petroli yamo humo. K ni vinavyowaka juu ya 300. L ni visivyo na kiwango cha kuwaka, na mfano wake mkubwa ni yaleyale PCB tuliyoyazika. Esta zote ziko K: ya asili huwaka kwenye kama 360, ya maabara kama 316. Kwa hiyo anayekuuzia esta kwa jina la "isiyoshika moto" ametia chumvi. Mama anayekaanga chipsi anajua kwamba karai likisahauliwa jikoni litawaka. Esta inashika moto kwa shida, na ukiondoa chanzo cha joto huelekea kujizima. Tofauti ya 170 na 360 si ndogo: ndiyo tofauti ya chuma cha moto kinachowasha dimbwi na kisichowasha.

Kuna faida ya pili ambayo kwa sisi wa pwani huenda ni kubwa kuliko ya moto. Esta inapenda maji. Mafuta ya petroli kwenye joto la kawaida hujaa maji yakifika kama sehemu 55 kwa milioni. Kinachozidi hujitenga, na tone la maji kwenye uga wa umeme ni msumari. Esta ya asili hubeba sehemu 1,000 na zaidi kwa milioni kabla haijafika huko, ya maabara zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo inayanyonya maji kutoka kwenye karatasi, karatasi inabaki kavu, na maisha ya transfoma ni maisha ya karatasi yake. Mtu aliyeishi Tanga, ambako chumvi ya mezani huganda kwenye kikopo, hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Na ikimwagika, vijidudu vya udongo huila.

Sasa kasoro, maana zipo. Ni nzito: kwa nyuzi joto 40 esta ya asili ina uzito wa mtiririko kama mara tatu ya mafuta ya petroli, hivyo njia za kupoza lazima zipanuliwe. Ya asili huchachuka ikikutana na hewa, kwa hiyo tangi liwe limefungwa kabisa, si lile la kupumua. Bei yake ni mara kadhaa. Na kwenye misongo mikubwa sana ina tabia moja mbaya: pale uga wa umeme usipokuwa sawasawa, penye ncha na mwanya mrefu, cheche ikishaanza ndani ya esta hukimbia kwa kasi kuliko ndani ya mafuta ya petroli. Ndiyo maana hutaweza kuchukua mchoro wa zamani ukabadilisha mafuta tu. Mbunifu anaigawa ile mianya mirefu kwa mbao za karatasi ngumu, anaviringisha ncha, anapanga upya.

Hayo yamefanyika. Siemens ilitengeneza transfoma ya mafuta ya mimea ya kilovoti 420 kwa ajili ya kituo cha Bruchsal-Kändelweg, kusini magharibi mwa Ujerumani. Kwa hiyo msongo si kikwazo tena. Kikwazo ni pesa na mazoea.

Mafuta ya nazi je? Tanga hatukosi nazi.

Swali hili liliulizwa kwa utani, lakini nalijibu bila utani. Mafuta ya nazi yanazuia umeme vizuri na huchachuka polepole kuliko mengi, na Sri Lanka wameyafanyia utafiti. Tatizo lake unalijua tangu utotoni: asubuhi ya Julai chupa ya mafuta ya nazi imeganda nyeupe. Yanaganda kwenye nyuzi kama 24. Transfoma iliyozimwa usiku wa baridi Lushoto ingeamka na tangi la mshumaa.

Alizeti ni habari nyingine. Kuna esta iliyowahi kuuzwa duniani iliyotokana na alizeti, ile mbegu maalumu yenye asidi ya oleiki nyingi. Ila siyo ile ya chupa ya dukani: inapaswa kusafishwa gundi, kukaushwa maji, kuchujwa vumbi, na kutiwa dawa ya kuzuia kuchachuka. Arusha tayari kuna kiwanda cha transfoma, na Singida kuna alizeti. Sitasema zaidi, lakini kama ningekuwa na miaka 30 ningeifikiria njia ile.

Tunaweza kumwaga mafuta ya zamani tukaweka esta kwenye transfoma tuliyonayo?

Kwa za kawaida za msongo wa 11 na 33, inafanyika. Yale ya zamani hutolewa, koili husafishwa kwa esta ya moto kidogo, huachwa zichuruzike, kisha hujazwa. Angalia mambo mawili. Karatasi itabaki na mafuta ya zamani, na asilimia chache tu za mafuta ya petroli zinatosha kuishusha esta chini ya ile 300. Halafu gasketi za zamani, ambazo zilishazoea mafuta ya petroli, zinaweza kuanza kuvuja. Kwa transfoma ya 132, usijaribu bila mtengenezaji wake.

Nikishaweka esta, habari ya moto imekwisha?

Haijaisha, na hapa ndipo nilipobishana na watu maisha yangu yote.

Angalia juu ya transfoma kubwa. Yale masikio marefu ya kauri ambamo waya hupita kuingia tangini huitwa bushingi. Nyingi zake ndani zina karatasi na mafuta ya petroli yao wenyewe, yaliyofungwa peke yake. Unaweza kujaza tangi esta ya bei mbaya, ukaacha juu yake bushingi tatu zenye mafuta yaleyale ya zamani. Na bushingi ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya moto wa transfoma kubwa. Bushingi za epoksi kavu zipo. Mtu akikuletea zabuni ya transfoma salama na moto, uliza bushingi kwanza. Ukurasa huo huwa nyuma kabisa.

Usiku wa tarehe 20 Machi 2025, transfoma ya kilovoti 275 ilishika moto kituo cha North Hyde, magharibi mwa London. Kesho yake uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa karibu siku nzima. Uchunguzi uliotolewa Julai mwaka huohuo ulisema bushingi ndiyo iliyofeli, na sababu inayoelekea zaidi ni unyevu ulioingia ndani yake. Dalili za unyevu huo zilionekana kwenye sampuli ya mafuta mwaka 2018. Miaka saba. Waingereza, wenye maabara zote zile.

Kwa hiyo mimi husema: mafuta bora hununua muda, vipimo hununua usingizi. Sampuli ya mafuta ya transfoma inasomeka kama damu kwa daktari. Haidrojeni ikipanda, kuna cheche ndogo. Asetilini ikionekana, kuna cheche kubwa imeshapita, usingoje mwisho wa mwezi. Rilei ya Buchholz, kifaa cha kutoa tahadhari kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1921, bado inakaa kwenye bomba kati ya tangi na kopo la juu ikisubiri viputo vya gesi, na nimeona watu wakiizima kwa kuwa "inasumbua". Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi ilizimwa miezi mitano. Tulikuja kuona gharama ya kutosumbuliwa.

Wewe hapa Tanga ungechagua nini?

Ndani ya jengo lenye watu: kavu, bila mjadala. Nje karibu na bahari, iwe bandarini au upande wa Chongoleani linakofika bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda: esta ya maabara, tangi lililofungwa, bushingi kavu za masafa marefu ya kutambaa kwa ajili ya chumvi. Penye petroli jirani sitaki kitu cha herufi O. Kwenye kituo kikubwa chenye nafasi, mbali na nyumba, mafuta ya kawaida bado yanakubalika ikiwa kuna ukuta wa zege kati ya transfoma na transfoma, shimo la kokoto chini la kuyameza mafuta, na mtu anayechukua sampuli kwa tarehe. Na kwa zile za nguzoni, ningeanza na zilizo karibu na masoko na shule.

Ile ya mtaani kwetu inanguruma usiku kucha. Italipuka?

Kunguruma si ugonjwa. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na chuma cha ndani hutanuka na kusinyaa mara 100. Ndiyo sauti hiyo. Wasiwasi uanze sauti ikibadilika, ikiwa ya kukwaruza au kupasuka, au ukiona mafuta yanachuruzika kwenye mbavu zake, au mabanda yameegeshwa chini yake. Ikishika moto, kaa mbali, usimwage maji, piga 114 kwa zimamoto, na waambie wazi kwamba ni transfoma ili waulize kwanza kama laini imezimwa.

Bibi mmoja wa Makorora alinipigia mwaka jana kwamba transfoma yao imenyamaza ghafla baada ya miaka yote ya kunguruma, na anaogopa. Nikamuuliza, bibi, taa zinawaka? Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana, umeme umekatika tangu magharibi.